Mwalimu Aliyekula Kwanza

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu, nilipoitwa shuleni Gitega, hii ya huku Rwanda, kwa ajili ya binti yangu Zuhura. Nilikuwa mama kijana, nimetoka Tanga juzijuzi, Kinyarwanda sijui hata cha kuombea chumvi. Zuhura, mtoto wa chekechea, alikuwa hali chakula shuleni. Sahani inawekwa mbele yake, anaitazama mpaka inapoa. Jioni nyumbani anakula utadhani katoka kufunga. Mkuu wa shule alishasema akiendelea hivyo atarudishwa nyumbani mpaka akue.

Mwalimu wake, Mama Consolata, mtu mzima, alinipokea mlangoni.

"Mama Zuhura, mutoto iko muzima, lakini chakula hapana gusa. Nyumbani munafanya namna gani?"

Mimi na hasira zangu nikamgeukia mtoto: "Unanitia aibu!"

Akajibu kwa sauti ndogo, "Mama, mwalimu hajaanza."

Nikamweleza mwalimu tunavyokula kwetu. Samaki mkunje angali mbichi, nami nilimkunja kwelikweli: mtoto hapeleki mkono kwenye sinia kabla ya mkubwa. Na Mama Consolata naye, alivyonieleza, alifundishwa na bibi yake kwamba mtu mzima mwenye heshima hatafuni mbele za watu. Kwa hiyo yeye anapakua, anasimama pembeni, na mtoto anamngoja. Adabu mbili zimekutana, katikati mtoto ana njaa.

"Usimugombeze," aliniambia. "Umemulea muzuri."

Akavuta kiti cha watoto, akakaa magoti yakimfika kidevuni, akachota maharage. Kijiko kilisita. Aliona haya, nilimwona, lakini alikula. Zuhura akasema bismillahi, akala yote, akaomba tena.

Mama yule alikula na watoto muhula mzima, wenzake wakimcheka. "Bibi angeniona!" aliniambia, naye akicheka mpaka machozi. Nampenda hadi leo. Taratibu Zuhura akazoea kuanza bila kungoja, na nyumbani adabu yetu akabaki nayo.

Sasa wewe umepewa darasa kule Gahanga. Mtoto akikushangaza, usikimbilie kumwita mkaidi. Uliza kwao wanafanyaje, na umsifu aliyemlea. Mkataa kwao mtumwa. Usimfundishe mtoto utumwa huo kwa jina la shule. Na pakihitajika mtu wa kusogea, sogea wewe kwanza, maana wewe ndiye mwenye miguu mirefu.

Mungu akupe subira, mwanangu, na watoto watakaopita mikononi mwako wakutaje kwa kheri. Amin.