Nilitunza Chaji, Sikumzika Mama

Admin, ficha jina langu kabisa, maana nusu ya ukoo wetu iko humu na ndio hao hao wanaonisema.

Mimi ni dada wa miaka 29, nakaa Kaloleni hapa Kisumu, nachapa kazi za watu mtandaoni. Majuzi tulimzika mama nyumbani Pap Onditi, kule Nyakach. Kaka yangu yuko Canada, akasema hawezi kuja, kwa hivyo nimrushie mazishi moja kwa moja mtandaoni. Sawa. Lakini laptop yangu ni kuukuu, inatumia Linux, mfumo ambao kwetu hakuna mwingine anayeujua, na chaji haifikishi masaa mawili. Jenereta ilikuwepo, ila baba mdogo aliyesimamia mazishi alikataa nichomeke hata waya. "Hii ni ya spika za wageni," akasema. Wanasiasa lazima wasikike jamani, hata kama maiti atangoja.

Matanga yote, wenzangu wakilia, mimi nahangaika na betri. Nikaweka programu ya kubana chaji, nikazima Bluetooth, nikafunga kila kitu kinachokula moto chini chini, nikashusha mwangaza wa skrini mpaka mwisho. Ikafika masaa matano. Nikajivunia, mjinga mimi.

Siku yenyewe nikawekwa nyuma ya hema na kamera. Jeneza lilipoanza kushushwa niliinuka niende nitupe mchanga kama watoto wengine. Baba mdogo akanishika bega. "We kaa hapo! Ukitoka nani ataangalia mashine?" Kaka naye akaniandikia kwenye simu: "Sis, usitoke. Hiyo Linux ikikwama ni wewe tu unaijua." Nikakaa. Mbele yangu ilikuwa migongo ya watu tu, na ile skrini niliyoififisha mwenyewe, kwa jua lile la Nyakach, ilikuwa nyeusi tii. Mama alifunikwa mimi nikiangalia uso wangu kwenye kioo. Na chaji bado ilikuwepo!

Baadaye nikamuuliza kaka kama aliona vizuri. "Aah, nilitoka mapema nikaenda job. Si ilijirekodi?"

Sasa hiyo video inazunguka kwenye grupu la familia. Mashangazi wameikagua, kila mtoto aliyekuwepo anaonekana akitupa mchanga isipokuwa mimi. Wanasema nilikataa kumzika mama, eti nina jambo ninaloficha. Nikamwomba kaka aseme ukweli, kwamba yeye na baba mdogo ndio walionizuia. Akanijibu, "Ukinianika huko, tafuta mwenyewe wa kununua dawa za Baba." Baba ana shida ya figo na kaka ndiye anamgharamia kila kitu. Anajua mimi siwezi.

Jumapili nilienda kumwona Baba. Alikataa uji niliompikia, akageukia ukutani. "Nyathina, mwanangu, mama yako alikukosea nini?" Nikachukua kikombe nikatoka.

Msiniambie niombe, nimeomba mpaka nimechoka. Nishaurini, nifanye nini? Nimwambie Baba ukweli akose dawa, au nimnyamazie, aendelee kuishi akinichukia?