Nilitaka Umeme wa Ubongo Unitajie Mwanamke wa Mume Wangu

Kosa ni langu, wala shetani simsingizii. Niacheni niseme, maana nimelibeba hadi mabega yanauma.

Mume wangu alikuwa mtu wa maneno. Hapa Kiranjeranje hakuna harusi isiyomtaka, na hata msibani wachimba kaburi aliwachekesha. Halafu msimu wa korosho uliopita akanyamaza. Korosho zinaanguka shambani, yeye kakaa ukingoni mwa kitanda anatazama ukuta. Chakula anakigusa tu. Hata kunisema kwamba nakoroma akaacha, na hiyo ndiyo iliyokuwa salamu yake ya kila asubuhi.

Mimi, na akili zangu timamu, nikajua tu: mwanamke. Sikumuuliza. Nilipekua simu yake nikakuta ujumbe wa salfa ya kupulizia mikorosho, basi. Nikasema, kumbe huyo mwanamke ni mjanja hivyo!

Nikamnong'oneza wifi yangu. Wifi akawanong'oneza wengine. Muda si mrefu wanaume barazani wakawa wanamuuliza mume wangu bibi harusi anashuka lini. Akaacha kwenda barazani. Msikitini nako akawa haonekani. Nikaona ushahidi umekamilika.

Mwishowe kaka yake akatupeleka hospitali mjini. Daktari, mwanamama mpole, akasema huenda ni sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito. Chumba cha pili walikuwepo watafiti wanaomvalisha mtu kofia yenye nyaya, wapime umeme wa ubongo, waone kama unaonyesha alama ya ugonjwa huo. Walimwomba mume wangu naye akubali kupimwa, akakubali. Nikachungulia ile mistari inayopanda na kushuka kwenye kompyuta, kisha nikamvuta daktari pembeni.

"Dokta, jina la mwanamke linatokea upande gani?"

Hakucheka, ingawa midomo ilimcheza. Akanieleza kwamba mashine haisomi mawazo ya mtu. Hata hiyo alama ya sonona bado wanaitafuta. Pengine siku moja itawasaidia, lakini kwa leo haiwezi kuwapa jibu.

"Jibu analo mwenyewe, mama. Umeshamuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza.

Basi daktari akamuuliza mwenyewe, mbele yangu. Mume wangu, kofia bado kichwani, akasema taratibu: "Kila asubuhi natamani kusingekucha. Nikitaka kumwambia mke wangu, huyu mama Shaibu, naogopa atanicheka. Kijiji kizima kinanicheka."

Kijiji kizima! Na aliyekiambia kijiji ni mimi.

Nililia mpaka kijana mmoja wa mashine akanisogezea kiti.

Sasa anatumia dawa, na anarudi kuzungumza na daktari. Anakula. Shambani anakwenda, siku nyingine anarudi mapema, namwacha apumzike. Nilimwomba radhi, akasema yamekwisha. Nikapita nyumba kwa nyumba kusema nilimzushia. Wengine wamenielewa, wengine wanadai limbwata la mapenzi nimelishwa mimi, ndiyo maana namtetea. Barazani hajarudi hadi leo. Utani wake ananipimia kidogo kidogo, kama anayemrudishia kisu mtu aliyewahi kumkata nacho.

Wanawake wenzangu, na nyie waume msijifiche: mwenzako akinyamaza, usianzie kwa majirani. Wala usingoje mashine. Kaa naye, muulize, halafu, na hapa ndipo penye kazi kwa watu kama mimi, funga mdomo mpaka amalize.