Gari Lisilo na Kiti cha Nyuma

Siku wifi yangu aliponiambia anataka kununua gari la spoti, nilikuwa natoa fotokopi za mitihani ya shule ya jirani, na nikaishia kutoa ukurasa wa tatu mara sitini. Nilidhani ananitania, maana kwa utani huyu hana mpinzani. Nilipogeuka nikamwona amesimama mlangoni na gongo lake, uso mkavu, nikajua leo kuna kazi.

Ngoja nieleze vizuri. Wifi ni mdogo wake mume wangu, dada yake wa pekee. Anashona viti vya magari. Wateja wanamwita Fundi, na ukiona gari kuukuu lina viti vimenyooka mshono kama shati la bwana harusi, usiulize, ni mkono wake. Karakana yake na duka langu vimepakana ukuta, kwa hiyo cherehani lake likianza kunguruma, kichwa kinachouma ni changu. Mguu wake wa kushoto haujapata nguvu tangu homa ya utotoni. Kazi zote anafanya na wa kulia, na huo wa kulia una nguvu kuliko yangu yote miwili.

Mume wangu ndiye aliyembeba. Hapo sitii chumvi. Kuanzia darasa la kwanza mpaka la tano alimbeba mgongoni kwenda shule na kurudi. Kila asubuhi alichuchumaa mlangoni, akamwambia maneno yaleyale: "Shika vizuri, tunaondoka." Alipokuja kununua gari, mgongo ukapumzika na wifi akahamia kiti cha nyuma. Mpaka leo kuna mto wake maalumu wa kuwekea mguu. Saa kumi na moja jioni mume wangu anafika karakana, anafungua mlango wa nyuma, anapanga mto, anasema, "Polepole." Tukienda harusini, wifi ni wa kwanza kupakiwa na wa mwisho kushushwa, amebanwa na masufuria na mikoba ya watu. Sikuwahi kumsikia akilalamika, nikajidanganya kwamba ameridhika.

Lile gari lilikuwa la daktari wa meno mstaafu, mzee mmoja mrefu anayeongea taratibu utadhani bado umemfungulia mdomo. Alikuja karakana kuulizia viti tu. Gari lenyewe lilikuwa na miaka sita chini ya turubai nyumbani kwake: jekundu, fupi, otomatiki, viti viwili basi, na paa la kitambaa linalokunjwa nyuma. Injini nzima kabisa. Ila panya walikuwa wamehamia humo na familia zao, na paa lilikuwa limebaki matambara. Mafundi wote walimwambia paa jipya liagizwe ng'ambo, na bei yake ikamtoa jasho. Sasa alitaka viti vishonwe kidogo, auze gari kwa jamaa mmoja anayekodisha magari ya maharusi.

Alipolileta karakana nami nilitoka dukani kuliona; wifi alilizunguka mara mbili. Akafungua mlango wa dereva, akakaa, akashika usukani, akatazama chini.

"Pedali mbili tu," akasema.

"Otomatiki," daktari akamjibu. "Mguu wa kushoto hauna kazi humo."

"Basi tumekutana," wifi akasema.

Hapo ndipo nilipogundua nimeishi na jasusi. Kumbe mwaka mzima uliopita, zile siku alizotuaga anakwenda kliniki, alikuwa anafundishwa udereva na mteja wake wa teksi, kwenye teksi otomatiki. Leseni alikuwa nayo tayari, ameificha kwenye kopo la sindano. Aliitoa mbele ya daktari kama anayetoa kitambulisho benki.

Kisha akaweka masharti. Atashona paa mwenyewe, kwa kitambaa chake na uzi wake. Akimaliza watalipeleka gari pale wanapooshea magari, limwagiwe maji ya pampu robo saa. Lisipoingia hata tone, daktari atamuuzia kwa bei ya gari lenye paa bovu. Tone likiingia, hata moja, paa ni zawadi kwa daktari, na gari liende zake kubeba maharusi.

"Fundi, paa halishonwi kama kiti," daktari akamwonya.

"Nani kakwambia?" wifi akasema. Lile neno alikuja kulijutia.

Mume wangu alipopewa habari tukiwa mezani, aliweka kijiko chini.

"Viti viwili," akasema. "Kukiwa na msiba utambeba nani? Mama mkubwa utamweka kwenye buti?"

"Mama mkubwa atakuja na gari lako."

"Na wewe mimi si nipo? Siku gani nimechelewa kukuchukua?"

"Hujawahi kuchelewa, kaka. Hiyo ndiyo tabu yangu."

Nami, badala ya kunyamaza, nikachomeka yangu. Nikamuuliza, kwa umri huu, gari jekundu la wazi, watu watasemaje. Wifi akanikata jicho.

"Tangu kaka apate leseni mimi natazama visogo vyenu," akasema. "Barabara zote za mji huu nazijua kwa visogo. Nataka gari ambalo kiti cha nyuma hakipo kabisa, ili mtu akitaka kuniweka huko asipaone."

Hakuna aliyemaliza chakula. Mume wangu alinuna wiki nzima. Saa kumi na moja aliendelea kufika kama kawaida, ila ule mto alikuwa anautupa badala ya kuupanga.

Wifi alikata kitambaa, akapima, akashona. Siku kumi na mbili cherehani halikupumzika. Paa likakaa kwenye gari limenyooka, zuri, nami moyoni nikakubali kwamba mkono wake si wa kawaida. Mchana mmoja tukavuta mpira wa maji kulijaribu wenyewe. Hazikupita dakika mbili, maji yakaanza kushuka ndani. Hayakupita pembeni wala kwenye vioo. Yalipita kwenye mishono yenyewe, tone kwa tone, foleni nzima kutoka mbele hadi nyuma.

Wifi alikaa kwenye kigoda chake akayaangalia. Alikuwa amelishona kama kiti, sindano ya juu, mshono wa kuonekana, maana huo ndio urembo wa kazi yake. Miaka yote alishonea watu wanaokalia mishono yake, hakuna hata siku moja mvua iliponyesha juu yao. Kila tundu la sindano alilolitoboa lilikuwa bomba.

Nilimwona anafuta macho kwa kitambaa cha kufutia mafuta. Roho iliniuma, kwa sababu nusu ya wiki zile nilikuwa nimeomba ashindwe ili nyumbani kuwe na amani. Nilijiona mdogo kama punje. Nikafunga duka, nikavuta kiti, nikamwambia, "Wifi, nipe hicho kiwembe. Tunafumua."

Tulifumua yote. Akaanza upya, safari hii akikunja kitambaa mara mbili ili mshono ulale ndani ya mkunjo usione mvua. Uzi wote tuliupitisha kwenye nta kwanza, vidole vyangu vikanata hadi nikawa natoa fotokopi zenye alama zangu. Kisha upande wa ndani, juu ya kila mshono, akabandika utepe wa mpira, mimi nikiukandamiza kwa pasi. Aliniungurumia kila nilipokwenda upogo. Sijawahi kutukanwa na mtu nikafurahi namna ile.

Siku ya jaribio, mchana jua kali, daktari akaja na saa yake. Mimi nilileta karatasi zangu za bluu, zile za kufunikia majalada, kwa sababu zikiguswa na tone zinageuka rangi papo hapo, hakuna ubishi. Tukatandaza kwenye dashibodi na magotini. Wifi akakaa kwenye usukani, mimi pembeni yake, vioo tukafunga. Vijana wa pampu wakaachia maji.

Kelele ilikuwa ya kutisha. Paa lilitetemeka, nami nikalitazama bila kupepesa. Dakika tano, kavu. Dakika kumi, kavu. Mle ndani kulikuwa na joto la kuivisha mkate. Dakika ya kumi na tatu nikaangalia magotini kwangu, nikaona doa. Doa la bluu nzito, la duara, dogo kama shilingi.

Wifi naye akaliona. Mikono yake ilishuka kutoka kwenye usukani, na hapo nilitamani gari limeze mtu, linimeze mimi.

Pampu ilipozimwa daktari akafungua mlango wa upande wangu, akaona doa, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. Akatoa leso nyeupe, akapitisha kwenye kila mshono juu yangu, polepole, jino kwa jino. Akaiangalia leso. Kavu. Akapitisha tena. Kavu. Akainama kunitazama usoni, na wakati huohuo tone jingine likadondoka kwenye karatasi, kutoka kidevuni kwangu.

"Mama," daktari akasema, "hilo ni jasho lako."

Alicheka hadi akashika mlango. Wifi hakucheka. Aliweka kipaji cha uso kwenye usukani akalia, kilio cha mtu aliyeshusha mzigo, na mimi nikalia naye, karatasi zote zikaharibika na hakuna aliyejali. Mkataba wa mauziano niliuchapa mwenyewe alasiri ileile, nakala nne, bure.

Saa kumi na moja mume wangu alikuwa ameshafika karakana. Alikuwa amefungua mlango wa nyuma wa gari lake, ameinama anapanga mto, tukamtokea mgongoni. Wifi alikuwa amekunja paa. Akapiga honi mara moja tu.

Mume wangu alisimama na ule mto mikononi. Alitazama gari, akamtazama dada yake nyuma ya usukani, upepo umemvuruga kilemba. Nilijua ana maneno ya wiki tatu nzima, nikangoja ayatoe.

"Wifi, shuka," dada yake akaniambia. "Kaka, funga gari lako. Panda."

Nilishuka. Mume wangu alinipa funguo zake na mto bila kunitazama, akajikunja kuingia, magoti yakamfika karibu na kidevu. Yule mwanamume hajawahi kuendeshwa na mtu tangu nimjue. Wifi alingoja mpaka amefunga mkanda, akaweka gia, akamgeukia.

"Shika vizuri," akamwambia, "tunaondoka."

Akashika kwa mikono yote miwili. Niliwaona mpaka kwenye kona, na pale kwenye kona mume wangu alikuwa amefunika uso, mabega yanamtikisika. Nikabaki na funguo za gari lenye viti vitano ambalo sijui kuliendesha. Nikafunga duka, nikauweka ule mto kwapani, nikatembea nyumbani nikicheka peke yangu njia nzima.