Risasi Inatoka

Khelef alirudishwa nyumbani asubuhi, na kilichomrudisha ni neno moja.

Alikuwa msafishaji wa silaha katika klabu ya shabaha nje ya mji wa Dubai. Mzee wa Unguja, shule hakuijua, lakini mpe bastola afumbe macho, atakwambia kama imepigwa jana. Mwaka 2006 klabu ilileta bastola ya silinda, mpya, fupi, nyepesi kama birika tupu, tundu lake pana. Inabeba risasi tano. Ukifika ya nne, silinda inagoma kuzunguka.

"Mzee, hujaweka mafuta," alisema Dancan, Mkenya, msimamizi wake.

"Nimeweka."

"Basi umeweka mob, mengi mno."

Akaisafisha mara tatu. Ikagoma mara tatu. Mara ya nne hakugusa kitambaa. Aliielekeza kwenye mchanga, akaitazama ubavuni. Risasi iliyobaki ilikuwa imechungulia mbele ya silinda, kichwa kimekwama kwenye chuma. Kumbe! Bastola nyepesi, risasi nzito. Kila ikipigwa inarusha teke, ganda linarudi nyuma na mkono, kichwa kinabaki mbele. Kidogo kidogo kinachomoka.

Akamwambia Dancan, "Hii risasi inatoka."

"Inatoka yenyewe?"

"Yenyewe."

Dancan akaandika kwenye daftari, kwa Kiingereza.

Kesho yake Madam Raghad, mkuu wa klabu, alimngoja na daftari wazi. Wakasemezana Kiarabu.

"Umefyatua bastola chumba cha kusafishia?"

"Mimi? Nani kasema?"

"Imeandikwa. Imefyatuka mikononi mwako. Mikono inatetemeka tangu msiba, mzee? Khalas, basi. Nenda ukapumzike."

Msiba! Kuruthum, mkewe, alikuwa na miezi saba kaburini, na Khelef hakukosa kazini kupita siku tatu za matanga. Akaondoka kwa hasira.

Chumbani kwake, mtaa wa Al Ras, alikaa kitandani na viatu miguuni. Miaka thelathini, kila akitamka neno fupi, Kuruthum alimuuliza, "Una maana gani?" Lilimuudhi swali lile. Sasa chumba kimya.

"Risasi inatoka," alisema peke yake.

Una maana gani?

Akasimama. Hata chai hakunywa, akarudi klabuni.

"Dancan! Jana ulisikia nini?"

"Si ulisema risasi imetoka? Bunduki imelia."

"Imetoka kwenye ganda! Kwenye ganda, wewe, si kwenye mtutu!"

Dancan akashika kichwa. "Woi."

"Woi nini? Mwite madam. Yalla, haraka!"

Uwanjani Khelef alijaza risasi tano za kisanduku cha manjano, zile nzito. Dancan akapiga tatu.

"Simama."

Khelef akaichomoa ya tano, akaisimamisha mezani kando ya mpya. Ilikuwa ndefu kuliko mwenzake kwa nusu punje ya mchele. Kisha akaleta kisanduku chekundu: kichwa chepesi, baruti ya wastani, mdomo wa ganda umekibana kichwa pande zote. Dancan akapiga nne. Silinda ikazunguka kama feni. Ya tano ikapimwa: sawa na mpya.

Madam akaitazama sana. "Kumbe. Basi rudi kazini kesho, inshallah."

"Daftari kwanza."

Dancan akaukata ule mstari, akaandika mwingine. Khelef hakumwamini. Akampa madam. "Nisomee."

Madam akasoma kwa Kiarabu: kichwa cha risasi kilichomoka kwenye ganda, bastola hii ipewe kisanduku chekundu tu.

"Na mikono?"

"Mikono ipi?"

"Yangu. Andika haitetemeki."

Madam akaandika mwenyewe.

Wakirudi ndani, Dancan alisema, "Pole, mzee wangu. Lakini si ungesema tu imechomoka?"

"Na wewe si ungeuliza! Kalamu unayo, mdomo huna? Siku nyingine nikisema neno, niulize, 'Una maana gani?'"

"Hata ukikasirika?"

"Nitakasirika," alisema Khelef. "Wewe uliza."