Mtoto Anayeitwa Jioni

Wivu wangu wa kwanza haukuwa wa nguo wala wa sura. Nilimwonea wivu msichana wa jirani kwa sababu kila jioni baba yake alimwita aingie ndani, na mimi hakuna aliyeniita.

Utasema hilo ni jambo dogo. Halikuwa dogo. Ilikuwa Garissa ya miaka ya vita vya shifta, waasi wa Kisomali wakipigana na serikali, na kafyu ilianza jua likizama. Firimbi ikishalia kituo cha polisi, ukionekana nje utajieleza kwa askari mwenye bunduki ambaye naye anaogopa kama wewe. Kila mzazi mwenye akili alihakikisha wanawe wako ndani mapema. Wangu walidhani nitaingia mwenyewe, kama kuku.

Tuliishi katika nyumba za serikali, ile ya mwisho kabisa, mahali ukuta ulipoishia na ua wa miiba ukaanza. Baba alikuwa dereva wa lori la serikali, mtu wa bara aliyehamishiwa huku kabla vita havijapamba moto. Kazi yake ilikuwa kupeleka unga, saruji na mafuta Wajir, katika msafara wenye askari mbele na nyuma. Ng'ambo ya ua aliishi mfanyabiashara Msomali. Zamani alinunua ng'ombe hadi Bura na kwingineko, lakini vita vilipofunga njia alibaki na duka la sukari, majani ya chai na shuka. Binti yake alikuwa rika langu, miaka kumi na minne hivi. Yeye alisoma chuo cha Kurani, mimi shule ya serikali. Jioni tulikutana penye ua, kila mtu upande wake, tukapiga soga kwa Kiswahili chake kibovu na Kisomali changu kibovu zaidi.

Kisha mlango ungefunguka. "Aabo, kaalay!"

Kaalay ni njoo. Aabo ni baba. Wasomali wana desturi hiyo: baba humwita mwanawe kwa neno lile lile ambalo mwana humwita yeye. Mama naye humwita mtoto hooyo, yaani mama, na ami humwita adeer, yaani ami. Kwa hiyo yule mzee mwenye ndevu za hina na bakora mkononi alisimama mlangoni akamwita "baba" msichana aliyejaa vumbi magotini, tena kwa upole, kama mtu anayemwomba mkubwa wake. Na binti mwenyewe je? Alikunja uso. Alivuta miguu. "Kila siku, kila siku," alinung'unika. Nilitamani kumzaba kofi.

Mimi mzee aliniita adeer. Ni neno la heshima, na mwingine angeshukuru. Mimi niliona ni makombo.

Kwetu hali ilikuwa hivi. Kabla ya kafyu, pombe ya baba ilikuwa na nyumba yake, nayo ni kantini. Sisi tuliijua kwa nyimbo alizoimba akirudi, na asubuhi tulizisahau. Kafyu ilipokuja, kantini ikawa mbali na pombe ikahamia kwetu. Mama alijua kupika busaa tangu kwao, basi akatafuta chungu, akakaanga unga wake uliochachuka juu ya kipande cha bati nyuma ya nyumba, na kuanzia hapo tukaishi na harufu ile kama tunavyoishi na harufu ya moshi. Baba alikunywa kabla ya safari ili mikono isitetemeke kwenye usukani. Akirudi alikunywa kwa sababu ilikuwa imetetemeka. Sikumlaumu kwa hilo, hata leo simlaumu. Barabara ya Wajir ilikuwa na mabomu yaliyofukiwa mchangani, na yeye hakuwa askari, alikuwa mtu wa kupeleka unga.

Lakini mama hakupenda kuonja. Alisema busaa humchoma kifua. Akanifanya mimi mwonjaji. "Njoo uonje kama imeiva." Alininyoshea upawa, mimi nikaonja, nikasema bado, au nikasema tayari, na sikukosea. Baba alifurahi mno. "Ulimi wa huyu haudanganyi," alisema, akacheka, akanisogezea kigoda niketi karibu naye. Ndiyo sifa niliyopata katika nyumba ile. Ripoti ya shule niliileta na hakuna aliyeifungua, ila ulimi wangu ulisifiwa kwa sauti. Mtoto hufuata anaposifiwa. Upawa ukawa kikombe, kikombe kikawa na mwenzake, na baada ya miezi kadhaa nilikuwa najionjea mwenyewe alasiri, mama akiwa sokoni, bila mtu kuniuliza kama imeiva.

Wake wa majirani waliona. Mmoja alisema nikisikia, "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Hakuna aliyenikemea. Walisema, wakaanika nguo zao.

Kichekesho ni kwamba rafiki yangu alinionea wivu mimi! Alitazama kichwa changu kisicho na ushungi na muda wangu wote wa kuzurura, akasema, "Wewe nabata raha sana." Nilimjibu kwamba ndiyo, napata raha. Nilisema uongo nikiwa na tumbo lililojaa busaa.

Kisha kukawa na msako. Askari walizunguka mitaa, wakawachukua wanaume wengi wa Kisomali ili wahojiwe, jirani yetu akiwamo. Nitasema ukweli: huruma ilikuja, lakini wivu ulitangulia. Nilijiambia, sasa tuko sawa, naye hataitwa. Jioni ile nilikwenda kwenye ua kusudi niuone uso wake. Alikuwa amekaa chini akichora mchangani, macho yamevimba. Jua likashuka. Mlango ukafunguka, akatoka mama yake, mwanamke aliyekuwa haonekani nje hata kidogo, akaita, "Hooyo, kaalay." Nilipiga teke ukuta wetu hadi kidole kikavimba. Kumbe kuna watoto ambao hata baba akichukuliwa, wa kuwaita hakosekani.

Mzee alirudi baada ya muda, amekonda, ndevu zimepoteza hina. Hakueleza alikokuwa. Siku hiyo baba yangu alikuwa safarini Wajir na mama alikuwa ameipua busaa ya kumngojea. Mimi nilikuwa nimeonja, nikaonja tena, nikaenda kwenye ua kusimulia vichekesho vya shule kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Mzee alitoka kumwita binti yake. Aliposikia kicheko changu hakuita. Alikuja mpaka kwenye miiba.

"Wewe, funga mdomo," alisema. Nikafunga. "Sasa bumua hapa." Nikapumua.

Alirudi nyuma nusu hatua. Nilingoja ateme mate, maana pombe kwao ni haramu, na tayari alivumilia harufu ya chungu chetu bila kusema neno. Badala yake uso wake ulibadilika, nikaona ameogopa.

"Bombe," alisema. "Mtoto kama hii, bombe! Nani nakuba?"

"Hakuna."

"Hakuna? Basi hiyo ni mbaya zaidi. Sikiza mimi, aabo." Alisema aabo. Sikukosea, binti yake pia alisikia. "Mimi natoka mahali mbaya, naona wanaume wazima nalia. Sitaki kuona wewe nabotea hapa karibu na mlango yangu. Kesho nikiita huyu, naita na wewe. Wewe naingia nyumba yako, nafunga mlango, mimi nasimama hapa mpaka naona. Na kabla ya kuingia, nabumua. Umesikia, aabo?"

Alinikemea kwa muda mrefu, bakora ikigonga ardhi. Masikio yalinichoma kwa aibu, na chini ya aibu nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena kwa urahisi. Nilimtazama rafiki yangu. Alikuwa amesimama, mdomo ameubana, akimwangalia baba yake kama mtu aliyeibiwa. Nilijua kile kilichokuwa moyoni mwake, maana kilikuwa changu.

Tangu kesho yake tuliitwa wawili. "Aabo, kaalay! Na wewe, aabo!" Nilipumua penye ua, mzee akaitikia kwa kichwa, nikaingia. Mama aliponinyoshea upawa nilikataa. Aliudhika kweli. "Ulimi umeota nini?" akauliza. Nikamwambia umechoka. Haikuwa rahisi; alasiri mate yalinijaa kinywani na mikono haikuwa na la kufanya. Lakini nilikuwa na miadi ya jioni, na sikutaka kufika na harufu.

Baba akarudi. Alikuwa mlangoni na kikombe chake mzee alipoita, akaniona nikikimbia kwenda kupumua kama mtoto wa chekechea. Niliporudi alikuwa amesimama.

"Anakuitaje yule?"

"Aabo."

"Maana yake?"

Nikamwambia. Alikiweka kikombe chini, akaenda kwenye ua. Mimi nilimfuata nyuma, kwa kuwa nilijua jambo ambalo kila mtu Garissa alilijua: neno moja la mtu wa serikali kule kituoni lingetosha kumrudisha mzee alikotoka. Mzee mwenyewe alijua kuliko sote.

"Huyu ni mtoto wangu," baba alisema.

"Ni mtoto yako," mzee alijibu. "Basi ita."

"Nini?"

"Ita yeye. Jua nazama. Mimi naita kwa sababu sisikii mtu naita."

Baba aligeuka kunitazama. "We!" akasema. "We, ingia ndani!"

"Hiyo hata mbuzi naitwa hivyo," mzee alisema taratibu, akamgeukia binti yake, wakaingia.

Usiku ule baba alirudi kwenye kikombe chake. Nilidhani asubuhi ataenda kituoni. Alikwenda gereji.

Jioni iliyofuata nilisimama mahali pangu. "Aabo, kaalay!" mzee aliita. Rafiki yangu akaenda. Nilingoja "na wewe". Haikuja. Mzee alinitazama, akatazama mlango wetu, akafunga wake. Niliwakasirikia wote wawili, mzee na baba. Mmoja ameninyang'anya kwa adabu zake, na mwingine, nilijua, amekaa juu ya kigoda. Nikaapa firimbi inikute hapo hapo, na ikinikuta nitakwenda moja kwa moja kwenye chungu nikinywe chote.

Ndipo nikasikia jina langu. Si "we". Jina langu lote, la kwanza na la ukoo, kama mwalimu anavyosoma, kwa kuwa hakuwa na mazoea ya kuliita. Baba alikuwa mlangoni, mikono mitupu, haya zimemjaa.

"Njoo," alisema. "Pumua."

Nikapumua.

"Hujanywa."

"Sijanywa."

"Mimi nimekunywa," alisema.

"Najua, baba."

"Haya. Ingia."

Hakuacha pombe, nisimtengenezee sifa. Ila kigoda changu kilirudi jikoni, akamkataza mama kunionjesha, na kila jioni aliyokuwa mjini aliniita, hata kama ulimi wake ulikuwa mzito na jina langu likatoka limekatika katikati. Alipokuwa safarini mzee aliniita badala yake, lakini akarudi kwenye neno lake la zamani: "Na wewe, adeer." Siku moja nilimuuliza kwa nini. "Aabo yako iko," alisema. "Mimi sasa ni adeer tu." Wala sikuliona tena neno hilo kuwa makombo. Rafiki yangu naye alianza kunisogelea kama zamani, akisema baba yangu ana sauti mbaya.

Mara ya mwisho baba alipokwenda Wajir aliniita kabla hata jua halijateremka, kwa kuwa msafara ulilala kambini ili uondoke alfajiri. Nilimcheka kwamba ameniita mchana. Akasema akirudi atanirudishia ile ya jioni.

Siku ya kurejea msafara, mama alipika busaa yake, akafunika chungu kwa gunia. Jua lilianza kushuka, lori halijafika. Nikaenda kwenye ua. Rafiki yangu hakuwapo. Mlango wao ulikuwa wazi na ndani kulikuwa na watu wanaoongea chini chini, wenye maduka, ambao habari za barabara huwafikia kabla hazijafika ofisini.

Mzee alitoka bila bakora. Alikuja mpaka kwenye miiba, akanitazama.

"Aabo," alisema.

Nilitikisa kichwa. "Mimi ni adeer," nikamwambia.

"Aabo, kaalay."

"Niite adeer! Ulisema mimi ni adeer."

Hakubishana. Aliita tena, neno lile lile nililolitamani mwaka mzima, kisha akaniambia nimwite mama. Nikageuka nikaingia ndani. Mama alikuwa ameinama juu ya chungu, amefunua gunia, ananinyoshea upawa.

"Leo tu," alisema. "Onja kama imeiva, atafika wakati wowote."

Niliupokea ule upawa, nikauweka chini, nikamwambia atoke nje, jirani anamwita.