Kanuni ya Saba ya Kasmiri Mdoe

Kasmiri Mdoe alikuwa mtu wa kuhakikisha mara mbili. Kila asubuhi akitoka nyumbani kwake Korogwe alifika hadi barabarani, akasimama, akarudi kutikisa kufuli la mlango, ndipo akaenda kazini. Wenzake ofisini walimtania kwamba siku yake ikifika atamrudisha malaika akaangalie tena kama jina ni lenyewe. Yeye alicheka nao, na kesho yake alirudi kutikisa kufuli vilevile.

Si kwamba alizaliwa na wasiwasi. Alizaliwa Kang'ata, upande wa Handeni, ambako mvua ikikupiga chenga msimu mmoja unakula akiba, ikikupiga misimu miwili unakula mbegu. Mtu aliyewahi kula mbegu akiwa mtoto hawezi tena kumwamini anayemwambia "usijali." Alisoma mpaka shule ya kati, akawa karani wa kuhesabu matita ya mkonge katika shamba moja la mzungu, na Uhuru ulipokuja akaingia serikalini. Mwaka wa sabini na moja alipelekwa Dar es Salaam miezi minne kujifunza namna ya kuandaa kazi za kompyuta. Siku hizo mashine yenyewe ilijaza chumba kizima, na ilisoma kadi za karatasi ngumu zilizotobolewa matundu.

Watu walimwuliza kama kweli mashine ile ina akili kuliko binadamu. "Akili?" alisema. "Ni mpumbavu mwenye bidii. Mletee pumba, atasaga pumba, kisha atakukabidhi unga wa pumba umefungwa vizuri na mhuri juu."

Mwaka wa sabini na nne, watu walipokuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa, idara aliyofanyia kazi ilitaka daftari la kaya zote za Handeni na Korogwe. Jina la idara acha lilale, maana na idara yenyewe ilishalala zamani. Kila kaya ingejaziwa fomu moja, kila fomu ingetobolewa kadi yake, na mashine ya Dar es Salaam ingechapa orodha moja safi: nani yuko kijiji gani, na kaya yake ina vinywa vingapi. Orodha ingetumika kugawa viwanja na kupanga shule. Na kama mvua zingekataa, jambo ambalo dalili zake zilikwisha kuonekana, ingetumika kugawa chakula. Hilo la chakula makarani walikatazwa kulitamka, watu wasije wakajaza kaya zao marehemu na mbuzi.

Kupanga mradi ule alipewa Kasmiri, naye aliupanga kama mtu anayejenga nyumba yake mwenyewe. Mpango ulikuwa wa kurasa kumi na nane. Tatu za mwisho alizipa kichwa cha habari "Yanayoweza Kuharibika." Humo aliandika kwamba fomu zinaweza kulowa. Makarani wanaweza kukaa kilabuni na kubuni majina. Tena makarani ni binadamu, wana shangazi na wajomba, na kila mmoja atataka kuzinenepesha kaya za kwao. Kwa ajili hiyo aliandika Kanuni ya Saba: karani ataandika aliloambiwa na mwenye kaya, wala hataongeza wala kupunguza kwa kujua kwake mwenyewe.

Lakini hatari iliyomnyima raha ilikuwa nyingine, na mpangaji yeyote wa Dar es Salaam asingeiona hata angekaa mwaka. Vijijini kwao mama hataji idadi ya watoto wake. Ukimwuliza atakwambia wapo, au atakutajia nusu, kwa sababu kuwahesabu kwa sauti ni kukionyesha kifo mahali pa kuchukua. Kasmiri aliyajua hayo kwa mama yake mzazi, aliyezaa tisa na kufa bila kuitamka tisa.

Basi akatafuta njia. Karani akishajaza fomu, karani mwingine angepita baadaye na kibuyu, na mama wa kaya angetia humo punje moja ya mahindi kwa kila kinywa. Hakuna anayetaja namba, hakuna anayehesabu mbele ya mtu. Ofisini wangemwaga punje mezani na kuzilinganisha na fomu. Aliomba wiki mbili za kujaribu jambo hilo katika kijiji kimoja, na wiki nne za kulifanya kote.

Mkuu wake, Bwana Hiza, aliusoma mpango wote. Nataka nimtendee haki: hakuwa mvivu wala katili, na yeye mwenyewe alikuwa mwana wa Korogwe. Alichukua kalamu nyekundu, akapiga mstari juu ya zile wiki sita.

"Zamu yetu kwenye mashine ni tarehe ishirini," alisema. "Tukiikosa tunangoja miezi mitatu. Njaa ikiingia kabla ya orodha, watu watakula huo mpango wako?"

"Mzee, bila punje zile namba zitakuwa pungufu. Nawajua watu wangu."

"Hata mimi ni watu wangu. Tunawaambia wajiandikishe, wao wanaficha watoto. Mficha uchi hazai, Bwana Kasmiri."

"Basi tuiondoe na Kanuni ya Saba. Vilikuwa vinakwenda pamoja, mzee. Nimewafunga makarani mikono kwa sababu kibuyu kilikuwa kinakuja nyuma yao."

"Tuiondoe, kila karani amwandikie mjomba wake watoto ishirini? Hapana. Hiyo ndiyo kanuni nzuri kuliko zote."

Kasmiri angeweza kukataa kuweka sahihi. Alilifikiria hilo miaka yote iliyobaki ya maisha yake. Lakini aliogopa ile miezi mitatu, aliogopa kuitwa mpinga maendeleo, na kwa kweli alisikia fahari kidogo kanuni yake iliposifiwa. Akatia sahihi.

Makarani walikuwa wachache, kwa hiyo naye alikwenda kuandikisha. Kang'ata ilimwangukia yeye pamoja na karani kijana aitwaye Sadala. Katika kijiji kipya, kwenye mstari wa nyumba za udongo ambazo hazijakauka, walifika kwa Mwaija, dada yake Kasmiri aliyemfuata ziwa. Mumewe, Kibwana, alikuwa ametoka kukata miti ya kujengea.

Mwaija alifurahi, akawatolea kigoda na maji. Kasmiri akafungua fomu. Majina yakaenda vizuri, umri ukaenda kwa kukisia, mpaka wakafika kwenye kisanduku cha watoto.

"Watoto wangapi?"

Mwaija akacheka. "Wapo, kaka."

"Fomu inataka namba, mdogo wangu."

"We, unataka niwahesabu kama mbuzi? Huoni wapo?"

Walikuwepo. Wawili walikuwa wakichezea matope, mmoja alikuwa kisimani, wawili walikwenda na baba yao, na mgongoni kwa Mwaija alilala Zuena, mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Watoto sita. Kasmiri aliwajua kuliko alivyoujua mfuko wake wa shati.

"Niambie tu. Ni kwa faida yenu."

"Faida gani?"

Hakuruhusiwa kusema. Sadala alikuwa ameketi pale, kalamu mkononi, akimtazama mkubwa wake ili ajifunze kazi.

"Haya, weka wawili watatu," alisema Mwaija, na akageuza uso kutemea mate pembeni kuondoa nuksi. "Usinisumbue."

Kasmiri akaandika tatu. Aliandika bila kusita, na hilo ndilo lililokuja kumwuma. Wakati ule alijisikia mtu mwadilifu. Wangapi wangeweza kukaa kwenye kigoda cha dada yao wenyewe na bado wakaishika sheria?

Kadi zilitobolewa, zamu ya mashine haikukosekana. Orodha ilirudi Korogwe kwa treni, maboksi manne ya karatasi ndefu zenye matundu kando. Mashine ilikuwa imekagua kila kitu ilichofundishwa kukagua: hakuna kisanduku kitupu, hakuna kaya iliyojirudia, hakuna kijiji kisicho na namba. Makosa sifuri. Bwana Hiza alimpa mkono Kasmiri mbele ya ofisi nzima, watu wakapiga makofi.

Mvua zilikataa. Ilipofika Januari ya sabini na tano, Handeni watu walikuwa wakichimba mizizi. Serikali ikaleta mahindi ya njano kutoka ng'ambo, yale watu waliyoyaita yanga, na yakagawiwa kwa orodha. Kila kinywa kilichoandikwa kilipata sehemu yake sawasawa, bila wizi, bila upendeleo. Sijui kama kuliwahi kuwa na mgawo wa haki namna ile, na ulikuwa na haki kwa nusu ya watu tu.

Barua zilianza kufika kwamba mahindi hayatoshi. Kasmiri aliomba orodha irekebishwe kwa mkono. Bwana Hiza alikataa, akasema wakiruhusu mkono mmoja kugusa orodha, kufikia Jumatatu itakuwa imeguswa na mikono mia. Kasmiri akaandika barua Dar es Salaam kuomba hesabu mpya. Akasubiri. Wakati akisubiri alimpelekea Mwaija debe la mahindi, akampelekea la pili. La tatu lilizuiwa njiani, kwa kuwa kuhamisha nafaka kulihitaji kibali, na kibali kilikuwa na foleni yake.

Kaya ya Mwaija ilikuwa ikipokea chakula cha watu watano, nayo ilikuwa na wanane. Mwaija aliacha kula ili wanawe wale, maziwa yakakauka. Surua ilipopita kijijini Februari, watoto waliokuwa bado na nguvu iliwaacha. Zuena haikumwacha.

Kasmiri alifika baada ya maziko. Mwaija alikuwa ndani, amekaa kwenye mkeka na wanawake wawili. Hakulia alipomwona kaka yake. Alikuwa amekonda hadi mifupa ya mabega ilionekana chini ya kanga.

"Mwenyekiti ametusomea ile karatasi," alisema. "Kwangu wameandika watatu. Nani aliandika watatu?"

"Mimi."

"Nilisema wawili watatu. Ndivyo tunavyosema. Wewe hujui kwamba ndivyo tunavyosema?"

"Najua."

"Mimi niliogopa kifo, kaka. Wewe uliogopa nini?"

Kasmiri alifungua mdomo amweleze kanuni na kwa nini iliandikwa. Akatazama ule mkeka, akaona hakuna hata neno moja la kanuni ile linaloweza kusemwa juu yake.

"Wewe ndiye uliyempa Zuena jina," alisema Mwaija. Kisha akawageukia wale wanawake, akaomba maji.

Ruhusa ya kuhesabu upya ilitoka Machi. Wiki sita zilezile zilizokatwa zikapatikana bila taabu, na vibuyu vikanunuliwa. Bwana Hiza alimwambia Kasmiri ampe mtu mwingine Kang'ata, akapumzike. Lilikuwa jambo la huruma na Kasmiri alilijua, lakini alikataa. Alikwenda mwenyewe, nyumba kwa nyumba, na kila mahali wanawake walitia punje zao kimya kimya, nyuso zimegeuzwa pembeni, kama alivyokuwa amepanga. Njia yake ilifanya kazi. Hakuna aliyekataa.

Alipofika kwa dada yake, watoto walikuwa kivulini mwa nyumba, wamekaa bila kuchezea kitu. Alitoa salamu, akaitikiwa. Akanyoosha kibuyu.

Mwaija hakukipokea. Alisimama mlangoni, akawaita watoto wake mmoja mmoja kwa jina, na kila aliyeitwa alimshika bega, akasema namba yake kwa sauti. Moja. Mbili. Jirani aliyekuwa akitwanga aliacha mchi, akaziba masikio. Tatu. Nne. Mtoto wa mwisho aliposhikwa bega alianza kulia, kwa sababu hata yeye alijua kwamba jambo hilo halifanywi.

"Watano," alisema Mwaija. "Andika, kaka. Safari hii nimekuambia."

Kasmiri akaandika tano.