Bibi Fusae Kwenye Ngazi za Matsumoto

Bibi yangu Fusae alishona mikeka ya tatami maisha yake yote, na kila likizo alikwenda kutazama ngome. Anayoipenda kuliko zote ni ile nyeusi ya Matsumoto, huku kwetu Japani, yenye ngazi zilizosimama kama ukuta. Mama alishamwonya: akianguka tena, safari za ngome basi.

Juzi tulivua viatu mlangoni, tukavitia kwenye mifuko ya plastiki, tukapanda. Kwenye ngazi ya mwisho soksi yake iliteleza. Niliudaka mguu kwa mikono miwili.

"Bibi, turudi!"

"Turudi wapi? Huoni foleni hiyo nyuma yako?"

"Mama ataniua."

"Ataanza na mimi. Nivue soksi, upesi!"

Nilizivua huku watu wakisubiri. Vidole vyake vikang'ang'ania ubao, akapanda polepole, nami nimemkingia mikono kwa chini.

Juu aliitazama milima yenye theluji, kisha akaketi ghafla, uso umempauka.

"Mwambie mama yako ameshinda," alisema. "Ngome nyingine nitazitazama nikiwa chini, bustanini."

"Na kushuka je, Bibi?"

"Kwa makalio, mjukuu wangu. Wewe tangulia."